USHIRIKIANO WA ASKARI UPIMWE MEZANI PA MSHAHARA

Ndugu wanachama,

Kila mwaka vikosi vya askari wa Uingereza hufika Nanyuki, hupiga kambi, hufanya mazoezi ya vita katika nyika za Laikipia na Samburu, kisha hurudi kwao. Askari wetu nao hufanya mazoezi pamoja nao. Wengine wamefundishwa na Waamerika. Tangu Oktoba 2011, vijana wa Kenya walipovuka mpaka kuingia Somalia, wamepigana huko pamoja na majeshi ya nchi nyingine, kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa imetoka ng'ambo. Wakubwa wana neno moja la kueleza mambo haya yote. Husema ni ushirikiano.

Neno hilo ni zuri, nasi wa chama hatuwezi kulichukia, kwa sababu chama chenyewe ni ushirikiano. Lakini miaka mingi ya kukaa mezani na waajiri imetufundisha jambo moja. Mwajiri akisema, "Sisi sote hapa ni jamaa moja," mfanya kazi mwenye akili huomba kuona daftari ya mishahara. Leo twataka kufungua daftari ya ushirikiano wa askari.

Wako watakaouliza: jeshi lahusu nini chama cha wafanya kazi? Twawajibu hivi. Askari ni mtoto wa mfanya kazi au wa mkulima. Ameacha nyumba yake kwa ajili ya mshahara, kama wewe. Ana saa za kazi, ana mkubwa wake, ana hatari ya kuumia, ana mke anayengoja fedha mwisho wa mwezi. Tena nyuma ya kila askari mmoja wako watu wanaopika, wanaofua, wanaoendesha magari na wanaolinda malango. Hao ni wafanya kazi kama sisi, na wengine ni wanachama wetu. Basi jambo hili ni letu.

WAPAGAZI

Anayepita Kariokor hapa Nairobi, au Kariakoo kule Dar es Salaam, anatamka jina la kikosi cha jeshi bila kujua. Ni jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 mpaka 1918. Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, hapakuwa na njia za magari, na ndorobo waliua farasi na nyumbu. Kwa hivyo mizigo yote, unga, risasi na hata vipande vya mizinga, ilipanda vichwani mwa watu.

Mwanzoni mpagazi aliahidiwa mshahara wa rupia 10 hadi 15 kwa mwezi. Mwaka 1915 mshahara huo ukashushwa mpaka rupia 5 au 6. Vita havikuwa vyepesi zaidi mwaka ule. Ilihofiwa kwamba mpagazi akilipwa vizuri, vibarua wa mashamba ya walowezi watataka nao walipwe vizuri. Mwaka huo huo ikatolewa sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu. Mishahara ikakatwa, kisha watu wakalazimishwa. Mfanya kazi yeyote anaufahamu mchezo huo.

Wapagazi waliokufa wanakaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa na chakula kibovu. Wengi walikufa kabla ya kupokea mishahara yao, na warithi wao hawakutafutwa ipasavyo. Maofisa wa Nairobi waliandikiana na London miaka mingi juu ya fedha zile, na mwisho Hazina ya London ikakataa kuzitoa. Sanamu ya mpagazi imesimama Kenyatta Avenue, pamoja na sanamu za askari. Heshima ya sanamu aliipata, lakini mshahara wake haukufika nyumbani.

BURMA

Vita vya pili vilipofika, Afrika Mashariki na Nyasaland zilitoa watu zaidi ya 300,000. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma kupigana na Wajapani, ikiwa chini ya jeshi moja na Waingereza, Wahindi na Waafrika wa Magharibi. Mwaka 1944 askari wa KAR walishuka bonde la Kabaw katika mvua kubwa, wakitembea katika matope na malaria, na mwezi wa Desemba wakaufikia mto Chindwin mahali paitwapo Kalewa. Wengine hawakufika hata Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na Wajapani. Watu 1,297 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Maji ya bahari hayakuuliza rangi ya mtu, lakini meza ya mshahara iliuliza. Katika jeshi lile lile, mtu alilipwa kwa rangi yake. Hata fedha za kuagwa baada ya vita zilipimwa hivyo, na askari Mzungu wa koloni aliweza kupata mara tatu ya askari Mwafrika wa cheo kile kile. Adhabu ya kiboko ilikuwa imeondolewa katika jeshi la Uingereza tangu 1881, lakini askari Mwafrika aliendelea kuchapwa katika vita vile. Na baada ya vita vyote viwili, Wazungu waliotoka jeshini walifanyiwa mipango ya kupewa mashamba katika nchi yetu. Mwafrika aliyetoka Burma alirudi kwenye kipande na kodi ya kichwa.

Lakini askari wale hawakurudi kama walivyokwenda. Bildad Kaggia alikuwa karani jeshini, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza, akaona kwamba nchi ya bwana nayo ina maskini wake na ina vyama vya wafanya kazi. Aliporudi aliingia katika vyama vya wafanya kazi wa Nairobi, na mwisho akasimama kizimbani Kapenguria pamoja na Mzee Kenyatta. Waruhiu Itote alipigana Burma, akarudi akafanya kazi katika reli, kisha msituni akajulikana kwa jina la Jenerali China. Hatusemi kwamba vita ndivyo vilivyozaa vyama vyetu. Twasema kwamba mtu aliyepigana bega kwa bega na mwenzake, halafu akalipwa theluthi yake, hahitaji mwalimu wa kumfundisha maana ya dhuluma.

SI KENYA PEKE YAKE

Msidhani ni Waingereza tu. Mwaka 1944 askari wa Afrika Magharibi waliopigania Ufaransa na kutekwa na Wajerumani walirudishwa Senegal, wakawekwa katika kambi ya Thiaroye karibu na Dakar. Walidai malimbikizo ya mishahara yao. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba jeshi la Ufaransa, jeshi lao wenyewe, likawapiga risasi. Serikali ya Ufaransa ilisema wakati ule kwamba waliokufa ni 35. Wanahistoria wengi wanasema walikuwa wengi zaidi. Ilipita miaka 80, mpaka Novemba 2024, ndipo Rais wa Ufaransa alipokubali kwa maandishi kuyaita mambo yale mauaji ya halaiki. Tena mwaka 1959, makoloni yalipokuwa yakielekea uhuru, Ufaransa ilitunga sheria ya kugandisha pensheni za askari wake wa zamani wa nchi hizo. Mwenzao wa Paris akiongezwa, wao walibaki pale pale. Hesabu hiyo haikuanza kusawazishwa mpaka 2006, wakati wazee wengi walikuwa kaburini.

Na Wafilipino walioandikwa na Marekani kupigana na Wajapani waliahidiwa haki za askari wa Marekani. Vita vilipokwisha, mwezi wa Februari 1946, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwanyima sehemu kubwa ya haki hizo. Ilikuwa 2009 ndipo wazee waliosalia walipopewa fedha za mkupuo mmoja, dola 15,000 kwa aliyekuwa raia wa Marekani na dola 9,000 kwa asiyekuwa raia.

Lakini tazameni Wagurkha wa Nepal, ambao wamelitumikia jeshi la Uingereza kwa zaidi ya miaka 200. Pensheni yao ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao Waingereza. Walikwenda mahakamani, wakaandamana mitaani London, wakapata watu wa kuwasemea. Mwaka 2007 masharti ya pensheni yalisawazishwa kwa utumishi wa kuanzia Julai 1997, na mwaka 2009 wengi wa wazee wao wakapata haki ya kukaa Uingereza. Hawakupata yote waliyotaka. Walichopata, walikipata kwa sababu walidai pamoja.

LANET

Turudi nyumbani. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Wiki sita baadaye, Januari 1964, askari wa nchi tatu waliasi mmoja baada ya mwingine: tarehe 20 Dar es Salaam, tarehe 23 Jinja katika Uganda, na tarehe 24 katika kambi ya Lanet karibu na Nakuru. Malalamiko yalikuwa mawili, mshahara mdogo na maofisa wa Kiingereza waliobaki juu yao ingawa bendera ilikuwa imebadilika. Serikali zote tatu ziliita askari wa Kiingereza kuzima maasi.

Chama hiki hakiungi mkono maasi. Mtu mwenye bunduki akidai mshahara kwa bunduki, kesho atadai serikali. Wala wafanya kazi hawakupata faida yoyote. Tanganyika, baada ya maasi yale, viongozi wengi wa vyama vya wafanya kazi walitiwa kizuizini, na mwezi wa Februari shirikisho lao la TFL likavunjwa, kikaundwa chama kimoja cha NUTA chini ya mkono wa serikali. Askari waliasi, na chama cha mfanya kazi kikazikwa.

Lakini yafaa kuuliza: kwa nini malalamiko ya mshahara yalitoka kwa mlio wa bunduki? Ni kwa sababu hayakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Mpaka leo askari wetu hawana chama. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama na kugoma, lakini kifungu cha 24 kinaruhusu sheria kumpunguzia askari haki hiyo. Hatubishani na hilo, kila nchi ina mashaka yake juu ya jeshi. Twasema tu kwamba asiyeruhusiwa kujisemea lazima awe na wa kumsemea. Ikiwa Bunge halimsemei, na magazeti hayamsemei, na sisi tunanyamaza, basi tumerudi Lanet.

SOMALIA

Jeshi letu lilipoingia katika jeshi la Umoja wa Afrika huko Somalia mwaka 2012, posho ya askari ililipwa na Umoja wa Ulaya. Ilikuwa dola 1,028 kwa mtu mmoja kwa mwezi, na serikali zilizopeleka majeshi zilikata sehemu yake kabla haijafika mkononi mwa askari. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ilivamiwa na Al-Shabaab. Wakenya wengi waliuawa, na serikali haikutangaza hesabu kamili ya waliokufa. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulipunguza fedha za posho kwa asilimia 20.

Fikirini jambo hilo kama wafanya kazi. Kiwanda gani kinaweza kupunguza posho kwa moja ya tano katika mwaka uleule ambao watu wamekufa kazini, bila kukaa na mtu yeyote mezani? Mlipaji yuko Ulaya, mkubwa wa kazi yuko Nairobi, na mwenye kufa yuko Somalia. Watatu hawa hawakutani. Hiyo ndiyo hatari ya ushirikiano usio na mapatano ya wazi: kila mkubwa anamwonyesha kidole mwenzake, na mfanya kazi hana mlango wa kubisha.

Tena si mwenye kombati peke yake anayekufa. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda Bay katika Lamu, ambapo Waamerika na askari wetu hukaa pamoja. Waamerika watatu waliuawa. Mmoja alikuwa askari. Wawili walikuwa raia, watu wa kampuni walioajiriwa kwa kazi ya ndege. Hawa ni watu wa mkataba, na siku hizi majeshi yote yanazidi kuwatumia. Kifo cha mtu wa mkataba mara nyingi hakiingii katika hesabu ya jeshi wala katika hotuba.

NANYUKI

Huko Nanyuki, kambi ya mazoezi ya Waingereza imeajiri mamia ya raia wa Kenya. Wako mafundi wa magari, wapishi, makarani, madereva na walinzi. Maduka na hoteli za mji zinawategemea. Hatutaki kusikia mtu akisema kwamba chama kinataka kuwanyang'anya watu wale kazi. Lakini kazi haifuti haki, na fedha za mwaka huu hazilipi mguu uliokatika mwaka jana.

Mwaka 2002 Serikali ya Uingereza ililipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 wa Dol Dol na Archers Post, waliojeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa katika uwanja wa mazoezi. Wengi walikuwa wachungaji na watoto. Mwezi wa Machi 2021 moto ulizuka wakati wa mazoezi katika Lolldaiga, ukaunguza maelfu ya ekari. Mwaka 2025 mawakili wa walalamikaji walieleza kwamba watu 7,723 watalipwa jumla ya pauni milioni 2.9. Gawanyeni wenyewe: ni chini ya pauni 400 kwa mtu, baada ya miaka minne. Na mwaka 2012 msichana wa miaka 21, mama wa mtoto mchanga, aliuawa Nanyuki, na maiti yake ikapatikana katika shimo la maji machafu la hoteli. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho aliamua kwamba aliuawa na askari wa Kiingereza. Hati ya kumkamata mshukiwa ilitolewa na Mahakama Kuu ya Kenya Septemba 2025, miaka 13 baada ya mauaji.

Kwa nini mambo haya huchukua muda mrefu? Mojawapo ya sababu ni sheria. Mwaka 1983, katika kesi ya madai ya ajali ya gari, Mahakama yetu ya Rufani iliamua kwamba Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ina kinga, haiwezi kushtakiwa hapa bila ridhaa yake. Mwaka 2022, katika kesi ya moto wa Lolldaiga, mahakama ya Kenya ilikataa kumfungia Mkenya mlango namna hiyo. Huo ni mwendo mzuri. Lakini haki ya mfanya kazi isingoje bahati ya hakimu. Iandikwe katika mapatano.

Na mapatano yenyewe hufanywa upya kila baada ya miaka. Yako yaliyotiwa sahihi 2015, yakafuatwa na ya 2021 ambayo Bunge letu liliyakubali 2023. Mengine yatakuja. Wahenga wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu amekaa tangu 1964. Hatumwambii aende zake. Twamwambia kwamba jembe ni hili: ashike sheria za nyumba anamolala.

TUNAYOTAKA

Basi chama kinasema wazi, ili asiwepo wa kudai kwamba hakusikia:

1. Mapatano yoyote na jeshi la kigeni yachapishwe yote, kwa Kiswahili, kabla Bunge halijayapigia kura. Watu hawawezi kukubali wasichokisoma.

2. Kila raia anayefanya kazi katika kambi ya jeshi la kigeni, awe ameajiriwa na kambi au na kampuni ya kati, awe na mkataba ulioandikwa, uhuru wa kuingia chama, na mahakama ya Kenya ya kupeleka lalamiko lake. Kinga isitumike juu ya mishahara wala ajali za kazini.

3. Askari wetu akipelekwa kupigana pamoja na wageni, posho yake ijulikane kabla hajaondoka, isikatwe katikati ya kazi, na Serikali ya Kenya iilipe mlipaji wa ng'ambo akichelewa.

4. Wanaokufa wahesabiwe na kutangazwa. Mjane hapaswi kuzunguka ofisi kwa ofisi akiuliza kama yeye ni mjane.

5. Fidia ya wananchi waliodhurika na mazoezi ilipwe kwa miezi, si kwa miaka, na fedha zake ziwekwe kando kabla ya risasi ya kwanza kulia.

Wengine watatuambia kwamba adui yuko mpakani na wakati huu si wa kuhesabu senti. Twajua adui yupo. Waliokufa Garissa, Mpeketoni na Westgate walikuwa wanafunzi, wakulima, wauza maduka na walinzi, watu wetu. Ndiyo sababu twataka askari anayetulinda awe mtu aliyetoshelezwa, anayejua kwamba akianguka watoto wake hawatalala njaa. Jeshi linalodai usawa mbele ya adui na kuukataa mezani linajidhoofisha lenyewe.

Wala hatuna ugomvi na askari wa kawaida wa Kiingereza au wa Kiamerika. Naye ni mtoto wa mfanya kazi, wengi wameingia jeshini kwa kukosa kazi kwao. Ugomvi wetu ni na wale wanaoandika mapatano wakihesabu bunduki, magari na viwanja, lakini wanasahau kuhesabu watu.

Kwa hivyo, ndugu wanachama, kila tawi lijadili mambo haya matano katika mkutano wake wa mwezi ujao, na liandike barua kwa Mbunge wake. Wanachama wa Nanyuki, Isiolo na Lamu, ninyi ndio macho yetu; tuleteeni habari za mikataba na ajali, zikiwa na tarehe na ushahidi, bila majina ya watu wasiotaka kutajwa. Mpagazi wa 1915 hakuwa na chama cha kumwandikia barua. Sisi tunacho.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.

MHARIRI